Akeyo Alihesabu Maembe Kwanza

Saa sita imepita kidogo na jua la Kawangware halina mzaha. Mbele ya kibanda cha mabati kule Kongo, mtaa mmoja wa Kawangware, Eddah Akeyo anakata nanasi. Kisu kinashuka mara nne, ganda linaanguka ndani ya ndoo, na vipande vinapangwa kwenye kisanduku cha vioo kabla nzi hawajapata habari.

"Niaje mathe. Nipee ya mbao, lakini ongeza pilipili," anasema kijana wa bodaboda bila kuzima pikipiki. Mbao ni shilingi ishirini. Akeyo anamkatia embe, analinyunyizia chumvi na pilipili, anampa pamoja na kijiti.

"Lakini hii ni kidogo, mathe."

"Basi rudisha nikupee mbegu."

Waliosimama karibu wanaangua kicheko, na Akeyo anacheka nao. Kitunze kicheko hicho, msomaji, kwa maana hutasikia kingine kutoka kwake katika habari hii.

Kijana akishaondoka, Akeyo anafunika kisanduku kwa leso na kuinua mtungi mdogo wa maji aliouficha chini ya meza. Anaosha mikono. Anasugua viganja kwa kipande cha sabuni, anapita katikati ya vidole, kisha anachokoa chini ya kucha kwa mswaki mkuukuu. Anasuuza. Anaanza upya. Anasuuza tena, na anaanza mara ya tatu.

"Mama Daisy, leo unaenda kupasua nani?" muuza sukuma wiki wa jirani anamtania.

Mtungi wa lita ishirini hapa ni shilingi kumi, na mifereji ikikauka hufika thelathini. Watu wa Kongo hawaelewi mwanamke anayetumia maji mengi kwa mikono yake kuliko anayotumia kwa matunda. Wengine wamesema ana mapepo ya maji. Akeyo amewaacha waseme.

Anachukua sahani yenye vipande vitano vya embe, anaifunika, na kutembea hadi chumba cha tatu kwenye ploti iliyo nyuma ya kibanda chake. Mlangoni ameketi Aluoch, dadake mume wake, anachambua dengu. Ndani, kwenye kiti cha mbao chenye mto, yuko mwanamume mrefu aliyekonda, macho wazi lakini hayaoni kitu. Huyo ndiye Osewe, mume wa Akeyo kwa miaka ishirini na minane.

Akeyo anapiga magoti na beseni. Anaosha mikono ya Osewe jinsi alivyoosha yake, kidole kimoja baada ya kingine, na kuikausha kwa taulo ambalo halitumiki kwa kazi nyingine yoyote. Kisha anatoa mashine ya sukari, kijimashine kinachotosha kiganjani, na kuchomeka stripu, yaani kile kibanzi chembamba kinachonyonya tone la damu. Anashika kidole cha pete.

Kabla sindano haijagusa ngozi, Osewe anafungua kinywa.

"Sijakula," anasema.

"Najua, Baba Daisy."

Mashine inahesabu sekunde tano na kuandika tisa nukta moja. Kwa mgonjwa kama yeye si mbaya. Akeyo anaandika kwenye daftari, anaweka ile sahani karibu na mkono wa kulia wa mumewe, na kuuongoza mkono huo hadi uguse embe.

"Hizi ni zako. Si za biashara," anamwambia.

Osewe anaurudisha mkono mapajani. "Sijakula," anasema tena.

Ndilo neno pekee alilobakisha. Mengine yote, majina, matusi, nyimbo za kanisani, hesabu za mawe na saruji, yaliondoka asubuhi moja mwaka jana. Akeyo anaijua asubuhi hiyo na anamjua aliyeyaondoa.

"Ni mimi," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Andika hivyo hivyo. Usinitafutie maneno ya kunifunika."

*

Osewe alikuwa fundi wa mawe. Alitoka pande za Ziwa akiwa kijana, akaanza kwa kubeba mchanga, na miaka michache baadaye akawa ndiye anayeshika kamba na timazi, yule ambaye wengine hungoja aseme kama ukuta umenyooka. Ukipita Ayany, kule Kibera, utaona kuta zake. Akeyo alipofika Nairobi akiwa mke mchanga, mumewe alimtembeza Jumapili nzima akimwonyesha nyumba za watu: hii nimejenga mimi, ile pia ni yangu.

"Yetu hatukuwa nayo hata moja," anasema Akeyo. "Tulikuwa tunakaa Sarang'ombe, hapo hapo Kibera, chumba cha kupanga, mvua ikinyesha tunasukuma kitanda. Lakini alikuwa na kiburi! Alitembea Kibera kama landilodi."

Sukari ilimjia miaka kumi iliyopita. Mwanzoni alimeza vidonge na kuupuuza ugonjwa, kama wanaume wengi wanavyoupuuza. Kisha jicho la kushoto likafunga, na baada ya mwaka mmoja la kulia likafuata. Daktari akambadilishia dawa na kumpa insulini, ile ya kudunga asubuhi na jioni. Fundi aliyekuwa akinusa ukuta uliopinda akabaki kuketi chumbani akisikiliza redio ya jirani.

Mzigo wa nyumba ukahamia kwenye meza ya matunda ya Akeyo. Siku njema hubaki na shilingi mia sita baada ya kulipia mali. Pakiti ya stripu hamsini hula zaidi ya siku mbili za faida hiyo.

"Siku moja nilimkuta analia. Mwanaume mzima," anasimulia. "Akaniambia, 'Akeyo, nipee kitu mikono yangu ifanye. Hii mikono itaoza.' Nikamwekea nanasi na kisu. Nilifanya mchezo tu, nimtoe mawazo."

Haukuwa mchezo. Mikono iliyopanga mawe miaka thelathini ilijua kushika chuma. Osewe alilishika nanasi, akalizungusha, akalipapasa macho yake yote, na ndani ya juma moja alikuwa akimenya upesi kuliko mkewe. Ganda lake lilitoka jembamba, refu, bila kukatika. Maembe aliyamenya mazima na kuyapanga ndani ya sufuria. Wateja wa Akeyo waliuliza ni nani huyo anayemenya vizuri hivyo, naye akawaambia ni mzee wangu.

Basi ikawa utaratibu. Alfajiri Akeyo anarudi kutoka sokoni na mzigo. Saa kumi na mbili Osewe anaanza kumenya. Saa moja Akeyo anampima sukari, anamdunga insulini, anampa uji, na kwenda kupanga meza.

"Hiyo miezi miwili tulikuwa na furaha. Nisidanganye. Alikuwa ameanza kuimba," anasema.

*

Mashine walipewa na kikundi cha wagonjwa, na kliniki ikampa Akeyo daftari. Pima kila asubuhi kabla ya kula, andika. Alifundishwa pia kuosha mikono ya mgonjwa kwa sabuni na maji kabla ya kudunga kidole.

Hapo ndipo Akeyo alipokuwa na njia yake. Maji ya kununua yalikuwa ya matunda. Kwa vidole alinunua chupa ya spiriti na pamba, kama alivyoona hospitalini wanapopangusa kabla ya sindano. Alimpangusa Osewe kidole hadi kikapoa na kunukia wodi.

"Mimi niliona spiriti ni ya juu kuliko maji. Maji ni ya kila mtu. Nilijua nimefanya kazi ya nesi," anasema, na kutikisa kichwa.

Namba zikaanza kupanda. Kumi na sita. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Na huyu ni mtu aliyelala njaa usiku kucha, hajagusa hata uji! Akeyo alitazama mashine, akatazama sufuria ya maembe, akamtazama mume wake mwenye maji matamu ya embe hadi kwenye viwiko. Jibu lilikuwa mbele yake. Ole wake, akalisoma vibaya.

"Umekula," alimwambia.

"Sijakula."

"Osewe, umekula embe. Mashine inasema."

"Basi mashine yako inadanganya."

"Mashine haina mdomo ya kudanganya. Ni wewe uko na mdomo."

Kilichommaliza kabisa ni Jumapili. Jumapili hakuna biashara, hakuna kumenya, na Akeyo yuko nyumbani mpaka saa ya kanisa. Kila Jumapili asubuhi sukari ilishuka hadi saba, siku nyingine sita. Jumatatu ikaruka tena hadi ishirini na kitu. Mtu yeyote angefikiri nini? Akeyo alifikiri hivyo hivyo: nikiwa namwona, hagusi kitu; nikimpa mgongo, anakula.

"Nilikuwa na ushahidi ya kutosha kumpeleka kortini," anasema. "Nilijiona mjanja kweli."

Akaanza kuhesabu. Kila alfajiri alihesabu maembe kabla ya kumpa Osewe, na aliporudi aliyahesabu tena. Hesabu ilitimia kila siku, lakini hilo halikumtosha. Alisema huenda analamba maganda. Alisema huenda anakunywa maji yanayochuruzika kwenye sufuria. Binadamu akishaamua kwamba mwenzake ni mwizi, hata uaminifu wake huuona ni ujanja.

Hakunyamaza, pia. Alisimama mlangoni na kupaza sauti ploti yote isikie: "Siku za mwizi ni arobaini, Baba Daisy! Utaniacha mjane kwa sababu ya tamaa ya embe!" Wanawake waliokuwa wakifua waliinama wakicheka. Watoto wa ploti wakampa Osewe jina la Baba Maembe na kumwita hivyo dirishani, wakijua kipofu hawezi kuwakimbiza. Mzee wa kanisa aliletwa kumwombea ashinde roho ya uongo. Osewe alimwacha amwekee mikono kichwani hadi akamaliza, kisha akauliza kama maombi hayo yanaweza pia kuitengeneza mashine.

Usiku huo, Akeyo anakumbuka, mumewe alizungumza polepole. "Nimejenga nyumba za watu miaka thelathini. Sijawahi kurudi nyumbani na hata msumari ya mtu. Leo niibe embe ya mke wangu?"

"Nikageukia ukuta," anasema Akeyo.

Kliniki nayo ilisoma daftari. Namba kama hizo haziwezi kuachwa, kwa hivyo dozi ya insulini ikaongezwa, na mwezi uliofuata ikaongezwa tena. Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo. Daftari lilionyesha sukari inayoua, na daktari akapigana nayo. Kipimo kikubwa cha maabara, kile kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu nyuma, kingewaumbua wote, lakini Akeyo alikuwa amekiahirisha mara mbili ili anunue stripu.

Osewe akaanza kuwa na vijasho vya ghafla mchana. Akaanza kutetemeka. Walikuwa wamefundishwa kwamba hizo ni dalili za sukari kushuka, na kwamba mgonjwa anapaswa kutia kitu kitamu kinywani mara moja. Akimwambia mkewe anatetemeka, mkewe alijibu kwamba anatafuta kisingizio cha kulamba sukari.

*

Ilikuwa Alhamisi. Akeyo alileta maembe kumi na manane, akayahesabu mara mbili mbele ya mumewe, kwa sauti, ili ajue yamehesabiwa. Osewe akaanza kumenya.

Saa moja akampangusa kidole kwa spiriti na kumdunga. Ishirini na sita nukta nne.

"Sijakula, Akeyo."

Akeyo hakubishana tena. Alivuta insulini, dozi yote mpya, akamdunga tumboni. Kisha akafanya jambo ambalo hadi leo akilisimulia hushika meza kwa mikono miwili. Aliinua kikombe cha uji alichokuwa amemtengea, akakipeleka nje, akampa mtoto wa jirani.

"Nikamwambia, 'Umeshiba maembe. Uji ni ya nini?' Nikaenda kazi."

Aliporudi ilikuwa yapata saa tano. Osewe alikuwa ameegemea ukuta, kichwa upande, kisu kimeanguka sakafuni. Alidhani amelala. Na kwa kuwa alikuwa amelala, Akeyo akaona ndiyo nafasi nzuri ya kumkamata. Akachutama kando ya sufuria.

"Nilihesabu kwanza," anasema. Aluoch, ambaye amesikia habari hii mara nyingi, anasimama na kutoka na sinia lake la dengu.

"Nilihesabu kwanza, kabla sijamshika. Kwa sufuria ilikuwa kumi, zimemenywa. Kwa karai ilikuwa saba, bado. Hiyo ni kumi na saba. Nikasema, ahaa! Leo nimekupata. Moja haipo. Nikamgeukia nimwamshe nimwonyeshe. Hiyo moja ilikuwa kwa mkono yake."

Lilikuwa limemenywa nusu. Maji yake yalikuwa yametiririka hadi kwenye kiwiko na kukauka. Halikuwa na alama ya jino.

Mwili wa Osewe ulikuwa baridi na umelowa jasho. Alikuwa akipumua kwa kukoroma. Hakuna ajuaye alikaa hivyo kwa muda gani, akitetemeka, akijua fika kinachompata na akijua dawa yake, dawa hiyo ikiwa imemjaa mkononi. Angelitia embe mdomoni mara moja tu. Lakini lilikuwa limehesabiwa.

*

Majirani wale wale waliocheka walimbeba kwa blanketi hadi barabarani. Hospitalini damu iliyotolewa mshipani ilisoma moja nukta tatu. Walimtia sukari ya maji mshipani, naye akafungua macho siku ya tatu, lakini ubongo ulikuwa umekaa na njaa saa nyingi mno. Daktari alimweleza Akeyo kwa upole kwamba ubongo huishi kwa sukari, na ukinyimwa kwa muda mrefu haurudi wote.

Hata wakati huo Akeyo aliamini ni wizi wa maembe uliopandisha dozi na kuwafikisha hapo. Aliyemfungua macho ni nesi aitwaye Mukhwana, mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyekuwa akilipekua daftari kando ya kitanda.

"Mama, hii Jumapili yenu ikoje?" aliuliza. "Kila Jumapili sukari iko chini."

"Jumapili niko nyumbani. Haibi."

"Haibi nini?"

"Maembe."

Mukhwana alimtazama, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuuliza. "Huyu mzee anafanya kazi gani?"

"Haoni. Ananisaidia tu kumenya matunda."

Nesi akamwomba Akeyo amenye embe lililokuwa kwenye kabati la mgonjwa wa jirani. Akeyo akamenya, akifikiri ni la mgonjwa. Mukhwana akamshika kidole Akeyo mwenyewe, ambaye hajawahi kuugua sukari maishani, akakidunga. Kumi na saba nukta nane.

Akakipangusa kidole kile kile kwa pamba ya spiriti, akadunga tena. Kumi na tatu.

Akampeleka kwenye sinki, akamwosha kwa sabuni na maji, akamkausha, akadunga mara ya tatu. Tano nukta moja.

"Akaniambia, 'Mama, spiriti inaua wadudu. Sukari ya embe inabaki hapo kwa ngozi, inaingia kwa damu unayopima. Ulikuwa unapima embe.'" Akeyo anajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Nilikaa chini, hapo kwa sakafu ya wodi. Watu wakafikiri mzee amekufa. Nikawaambia hapana, hajakufa. Hakukula. Nilikuwa nasema tu hivyo: hakukula, hakukula."

Mwezi mmoja baadaye, wakiwa wamerudi nyumbani, Akeyo alichukua kidole cha mumewe kumpima. Osewe, ambaye hakuwa ametamka lolote tangu aamke, akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Sijakula," akasema.

Daktari anasema ni kawaida kwa mgonjwa wa namna hiyo kubaki na neno moja, lile lililozoeleka. Akeyo hapingi. Ila yeye ndiye aliyelizoesha.

*

Hakuweza kukaa tena Sarang'ombe. Kila alipovuka mlango aliona sufuria. Watoto bado waliita Baba Maembe dirishani, maana hakuna aliyewaambia waache. Aluoch, anayeishi Kongo na kufulia watu nguo, aliwatafutia chumba kwenye ploti yake na kukubali kuketi na kakake siku asizo na kazi. Siku Aluoch akiwa na kazi, Akeyo hukimbia kutoka mezani kila nusu saa.

"Sikumkasirikia," anasema Aluoch. "Yeye mwenyewe anajichapa kuliko vile mimi ningemchapa."

Binti yao Daisy, anayesuka nywele Ayany, huja Jumapili. Humkata babake kucha, humsomea Biblia, na kuondoka. Chakula cha mamake hakigusi. Mwezi uliopita alisahau akanywa chai nusu kikombe, na Akeyo bado anaizungumzia chai hiyo.

Akeyo ndiye aliyemtafuta mwandishi wa habari hii, wala si kwa kutaka msaada. Alipoulizwa kama anataka namba yake ya simu iwekwe mwishoni kwa wasamaria wema, alikataa mara moja.

"Nilimwita mwizi kwa sauti, watu wakasikia. Siwezi kumtakasa kwa kunong'ona. Nataka iandikwe kwa gazeti na jina lake: Osewe hakukula embe hata moja. Nitanunua hiyo gazeti nirudi nayo Sarang'ombe, niingie kwa ile ploti, nisimame pale pale niliposimama, nisome. Hata hao watoto nitawaita wasikize. Halafu nitawaonyesha kunawa mikono, sababu kuna wagonjwa wengine pale wanapimana na mafuta ya samaki, unga, juisi, kila kitu kwa vidole."

Lakini Osewe mwenyewe atasikia? Akeyo ameinamia sikio lake mara ngapi, akamweleza kwa Kiluo na kwa Kiswahili kwamba ukweli umejulikana, kwamba mashine ilidanganya kama alivyosema, kwamba anaomba msamaha. Osewe husikiliza, kichwa upande. Kisha hujibu lile lile.

Akeyo alirudi kwa Mukhwana akauliza kama anaweza kumpa mumewe tunda. Kidogo, nesi alisema, sukari ikiwa sawa. Tangu siku hiyo kila mchana anakata embe vipande vitano na kuviacha karibu na mkono wa Osewe. Ugali Osewe hula akilishwa. Uji hunywa. Chai hunywa. Embe likigusa midomo yake, hufunga kinywa na kugeuza uso. Mtu aliyesahau jina la mwanawe hajasahau kwamba tunda la biashara haliliwi.

"Zamani nilikuwa nahesabu nikiomba moja ikosekane ndio nimshike," anasema Akeyo. "Saa hii pia nahesabu nikiomba moja ikosekane. Moja tu. Siku nitapata nne, nitapiga vigelegele Kibera isikie. Hiyo siku nitajua amenisamehe, ama amesahau. Yote ni sawa kwangu."

Saa kumi na moja jioni anafunga meza. Anaosha mikono mara tatu, anaingia chumbani, anapiga magoti mbele ya kiti. Osewe ameketi vile vile. Akeyo anafunua sahani na kuinamia karibu, kidole chake kikipita juu ya vipande bila kuvigusa.

Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Anasita kidogo hapo. Kipande cha mwisho kimejificha chini ya cha kwanza. Anakisogeza.

Tano.

"Sijakula," anasema Osewe, anaposikia mlio wa sahani.

"Najua, Baba Daisy." Anavimimina vipande kwenye kikombe, anachukua beseni, na kuanza kumwosha vidole. "Kesho nitakuletea embe ya ngowe. Hiyo ndiyo ulikuwa unapenda."